Sekunde Tatu

Kitabu cha gari kimeandikwa Kijapani.
Kurasa mia tatu na ushee, nami naambulia tarakimu tu:
tano, dabliu, thelathini,
zimekaa katikati ya herufi zile
kama wageni waliofika msibani wasimjue marehemu.

Masalu wa duka la spea, pale Mabatini,
hakutaka hata kukifungua.
Alishusha galoni jekundu, akalipangusa vumbi kwa kiganja:
"Ishirini, hamsini. Nzito. Joto la hapa si la Japani, dada."
Bei yake ilinichekea.
Ila mfuniko ulicheza kidogo,
kama jino la mtoto wa darasa la kwanza.

Fundi Lugaila alitaka kwanza kusikiliza.
Washa. Zima. Washa tena.
Akachomoa kijiti, akakifuta, akakichovya,
akasugua tone kati ya vidole viwili
vile bibi alivyokuwa akipima uji wa mtama.
"Imetembea ngapi?"
Laki mbili na arobaini na moja elfu.
"Inakula oili?"
Kidogo.
"Moshi?"
Asubuhi tu, nikipanda Bugando
na ndoo zangu sita za dagaa, kuwapelekea mama lishe.

"Nyepesi mno itapenya kwenye ringi, utaichoma.
Nzito mno itachelewa kufika juu,
na kule juu, gari likiwa limelala baridi,
chuma kinasaga chuma. Sekunde mbili. Tatu."

Miaka minne nimewasha Noah hii alfajiri
nikisema, imeamka vizuri.
Kumbe nilikuwa naiua
sekunde tatu, sekunde tatu.

"Kumi, thelathini," akaandika kwenye kipande cha boksi.
"Na lakiri uivunje wewe mwenyewe."
Faida ya siku mbili ikaondoka hapo.

Ile ya zamani ilitoka polepole, nyeusi,
ikijikunja ndani ya beseni, inanuka kuungua.
Kijana wa gereji akaiomba:
nguzo za banda lao zinaliwa na mchwa.
Chukua, nikamwambia, paka nguzo zote,
lakini itakayobaki usimwage mtaroni.
Akacheka. Mtaro tu, mama?

Mtaro huu unaingia Mirongo.
Mirongo unaingia ziwani.
Na ziwa, mwanangu, mimi ndiye ninayelipandisha Bugando
kila asubuhi,
ndoo sita.