Amebeba

Alfajiri Mtanana, umande bado uko kwenye visiki vya mtama,
nafuata mstari wa mitego, mia na arobaini,
visanduku vya bati, kila kimoja na kitambaa chekundu kichakani.
Chambo ni pumba na siagi ya karanga.
Mwendwa, mke wangu, alicheka siku ya kwanza:
"Panya wanapakiwa siagi, sisi tunalamba mlenda."

Wa sitini na tatu una uzito.
Ndani jike, panya shamba wa kawaida,
ukoo ule ule uliofukua alizeti ya Chidawali
akapanda mara tatu kwa mvua moja.
Macho kama mbegu za tikiti.
Hana kidonda. Anapumua haraka tu,
kama mtu aliyeitwa ofisini bila kuambiwa kosa.

Sechelela wa maabara amevaa glovu mbili na barakoa
(tunamwita daktari, ingawa hajawahi kumtibu mtu).
Anachukua tone la damu, analiweka kwenye karatasi,
anaandika namba.
Namuuliza, anaumwa?
"Haumwi, baba Nyemo. Amebeba."

Nikadhani anasema mimba.
Mimba nayo ilikuwepo.

Zamani misafara ilikatiza Ugogo huu,
wapagazi mabega yamechubuka kwa pembe na majora ya nguo,
na wenye visima wakadai hongo kwanza, ndipo watu wanywe.
Mpagazi hakujua bei ya mzigo wake.
Alijua uzito.
Huyu hata uzito haujui.
Alichobeba hakijapewa jina,
hakina mguu, hakina pumzi,
punje ya vumbi kwake ni mlima,
nacho kinatoka shambani kinaingia ndani
bila kumlipa hongo mtu yeyote.

Mwaka juzi, mavuno yako ndani,
Nyemo alichemka siku tisa.
Zahanati wakamtoboa kidole: malaria hakuna.
Wakamtoboa tena: hakuna.
Tabibu akaandika "homa", kalamu ikasimama hapo.
Usiku alilala chini ya kihenge, ubavuni mwa mtama,
na juu yake vijiguu vilikwenda na kurudi,
vilikwenda na kurudi,
nasi tukasema ni panya tu.
Akapona. Wiki ile ile jino la mbele likang'oka,
akalirusha juu ya tembe, akaimba kwa sauti iliyokauka:
panya, chukua bovu, nipe zima.

Nilimuuliza Sechelela: ilikuwa hii?
Alivua glovu ya juu, akaikunja ndani nje.
"Sijui. Damu ya siku zile hatuna."
Nimekutana na wasomi wengi. Huyu ndiye wa kwanza
kuniambia sijui bila kuangalia pembeni.

Chidawali anapita na jembe: mnawahesabia nini, si muwaue!
Yeye aliwaua. Alimwaga sumu kiangazi kizima,
tukaokota bundi wawili na paka wa shule.
Panya walirudi na mvua za kwanza.
Na kile kichaka cha ng'ambo ya korongo, walikokaa,
tulikikata sisi wenyewe, mimi na yeye,
tukachoma mkaa, tukalima mpaka kwenye mashimo yao.
Sasa nani kamhamia mwenzake?

Siku hizi Mwendwa hunyunyiza maji kabla ya kufagia
ili vumbi lisipande puani.
Kihenge kina mfuniko, Nyemo analala chumba kingine,
na akikuta panya amekufa anajua kutumia koleo.
Si kinga kubwa. Ni hongo yetu, labda,
tunalipa kidogo kidogo, hatujui kwa nani.

Zoezi likiisha tunawarudisha walikonaswa.
Wa sitini na tatu nikamfungulia mlango wa bati.
Akasimama, akanusa upepo,
tumbo limegusa udongo.
Upande wa kushoto lilikuwa korongo.
Akageukia kulia,
kwenye moshi wa jiko la Mwendwa.