Kifungo cha Koti Mahali pa Ñ

Leo tena umeniuliza, birika halijachemka:
Sasisha sasa, au baadaye?
Mwaka wa tatu huu wauliza, nami najibu baadaye
kama mtu anayedaiwa.

Mvua ya Valdivia inapiga bati tangu Jumapili.
Nimetia gogo la pili jikoni, nimekusogeza karibu na joto,
maana ukishikwa na baridi huwaki upesi,
feni inakohoa, inakohoa,
na kioo kinabaki cheusi kwa muda mrefu
hata nimezoea kujitazamia nywele.

Una miaka kumi na minne. Betri yako ilivimba kama andazi,
Wladimir akaing'oa, tangu hapo unaishi kwa waya;
umeme ukikatika, nawe umekatika.
Herufi Ñ ilibanduka nikiandika risiti ya Bi Núñez,
nikabandika kifungo cha koti la marehemu,
cheusi, matundu manne.
Kidole changu hukijua gizani.

Wladimir anapiga simu kutoka Concepción:
"Shangazi, mfumo huo umekufa. Waliouunda wameshauzika."
Umekufa vipi, na jana nimeuwasha?
"Hauna kinga. Mwizi yeyote anaingia."
Aingie. Atakuta bata maji mia mbili na kumi
na deni la uzi.

Lakini benki nayo imenifungia mlango.
Kivinjari chako ni cha zamani, inaniambia, tena kwa adabu.
Pensheni yangu siku hizi naifuata mtaa wa Picarte,
foleni saa mbili kwa miguu hii,
mwavuli umepinduka kama bakuli.

Basi niseme ndiyo. Ndiyo ni kubofya mara moja.
Ila mashine ya kudarizi, ile ya kijivu,
haisemi na mtu mwingine ila wewe,
kwa kebo nene isiyo na tundu lake
katika kompyuta za siku hizi.
"Kwenye mfumo mpya haitakuwa na dereva," anasema kijana.
Mimi miaka yote nilidhani dereva ni mimi.

Na michoro ni ya Belarmino.
Aliichora hapa mezani, miwani mbili puani,
akihesabu mishono kwa kunong'ona.
Bata maji wake ana shingo iliyozidi.
Kosa la mishono sita; nililiona siku ileile
nikanyamaza, kwa kuwa alikuwa ameshaita jirani aje kutazama.
Sasa kila harusi kando ya mto huu
ina vitambaa vya meza vyenye shingo hiyo.
Wateja huniambia: nipe wale wako, wale wanaochungulia.

Kipya kinyemi, ingawa kidonda.
Wengi wasemao hukomea katikati.

Jana usiku nimenakili yote kwenye flashi ya buluu,
nikaitia soksini, soksi nikaitia kopo la vifungo.
Sikulala. Nikachukua karatasi ya miraba na penseli
nikaanza kumwiga bata mmoja, sikutazama kioo chako.
Kifua, bawa, mgongo. Nikaipanda shingo
hadi pale inapostahili kukoma,
na mkono ukaendelea wenyewe.
Mmoja. Miwili. Mitatu.
Sikuhesabu iliyobaki. Nilijua.

Asubuhi kijana ametuma ujumbe: Vipi, umeamua?
Nimekutumia wewe kumjibu, ili usije ukasema nilikusengenya:
Njoo Jumamosi. Uje na huo mfumo wako,
na kebo yoyote utakayoipata, hata ya kuokota.
Mashine ikigoma, nina penseli.
Kifungo usikiguse.

Jumamosi ni siku nne bado
na Bi Núñez anataka vitambaa kumi na viwili.
Haya, soma. Polepole, kama kawaida yako.
Sindano imeshavishwa uzi.