Je, Ilikuwa Ikitumika?

Bwana Everding wa bima,
barua yako nimeipata, na swali lake la mstari mmoja:
saa tisa za usiku ule, ilipoibwa
pale nilipoifunga, kwenye vyuma vya ngazi,
je, baiskeli ilikuwa ikitumika?

Maana bima ya nyumba yangu,
inayolinda zulia, masufuria na saa ya marehemu mama,
huilinda na baiskeli, ila hulala saa nne.
Tangu hapo hadi kumi na mbili asubuhi
baiskeli iliyo nje ni yatima,
isipokuwa mwenyewe anaitumia.

Nami nilikuwa ghorofa ya nne.
Nermin amenishika kifundo cha mkono,
mtoto katanguliza makalio,
mvua ya Münster inagonga vigae.
Sikuwa juu ya tandiko, ni kweli.
Lakini mkunga aliyefika bado yu safarini;
safari huisha mtoto akilia
na kondo likitoka zima.

Alilia saa tisa na robo. Wa kike.
Nikashuka na mkoba wangu,
nikakuta mnyororo kwenye tope
kama kitovu kilichokatwa.
Wao wamekata mnyororo.
Mimi sikukata bima, ile ya baiskeli peke yake.

Jirani yangu Hinnerk anacheka.
Yake ina kutu, ya yuro themanini,
imeibwa mara tatu, ikarudi mara mbili.
"Ukilipia miaka miwili, Gudula,
umeshanunua nyingine. Tafuta kufuli nene."
Binti yake hacheki. Baiskeli yake ni ya umeme,
bei ya gari kuukuu; hulipa kila mwezi,
risiti kazipanga kwenye faili:
mali bila daftari hupotea bila habari.

Mimi sina kutu wala umeme.
Nahesabu mezani, chai inapoa:
yuro tisa kwa mwezi,
watoto sita kwa mwezi, wanne wao wa usiku.
Hatari yangu haimo kwenye chuma, imo kwenye saa,
na hakuna mtoto aliyesoma kifungu cha saba.

Basi andika: ndiyo, ilikuwa ikitumika.
Ilikuwa ikinisubiri,
na kusubiri, Bwana Everding, ndiyo kazi yetu.

Ukikataa, nitumie fomu ya ile nyingine,
isiyolala.
Na bahasha ya majibu uibandike stempu.
Siku hizi natembea kwa miguu,
na posta ni mbali.