Marejeo ni Ngamani

Mama Mwanaesha alisema mapema,
kabla sijafungua sanduku la drili:
"Fundi Lali, kunywa chai yangu, kula mahamri yangu,
lakini boti yangu hutoboi."

Boti yenyewe, Sikuombi, ya fiba, futi kumi na nane,
ilinunuliwa kwa vikuku viwili na mkufu wa arusi.
Mwaka juzi fundi mwingine
(simtaji, tunasali safu moja)
aliitia skrubu nne tezini bila kupaka kitu.
Fiba haipigi kelele. Hunywa kidogo kidogo,
na ubao ulio ndani yake huoza kama jino,
huku nje rangi bado yacheka.
Tulipoikata tulitoa uji mweusi, vikombe vitatu.

Sasa Famau, mwanawe, amerudi Kizingitini na mtambo:
skrini kama kiganja, waya mita sita,
na mwisho wa waya kitu cheusi, kama ukwato wa mbuzi.
"Hili ndilo sikio," akasema. "Ndilo na mdomo.
Hupiga ukelele chini, kisha hungoja jibu."

Tukaanza tezini, bila tundu:
kibao, vibano viwili, kamba ya nailoni.
Polepole, lilisoma vizuri. Pima mbili. Pima mbili u nusu.
Famau akaongeza moto, propela ikachapa maji,
skrini ikajaa chicha za nazi.
Povu letu wenyewe lilikuwa linatuziba sikio.
Nikalishusha kidole kimoja. Nikalihamisha kulia, kushoto.
Chicha tu.

Tukaenda omo. Lakini boti ikikaza mwendo
omo huinua pua kama bibi arusi aliyeletewa mahari pungufu,
na sikio hubaki hewani, likisikiliza upepo.

Ndipo nikakumbuka msemo tuliokaririshwa darasa la nne,
ambao mwalimu aliueleza kwa habari ya watu wanaohama kijiji:
kwenda tezi na omo, marejeo ni ngamani.
Nikacheka peke yangu. Famau akanitazama.

Ngamani, basi. Nikang'oa mbao za chini,
nikapangusa mafuta, magamba, gando la kaa,
nikatafuta mahali ambapo fiba ni fiba tupu.
Nikatia maji kwenye mfuko wa barafu ya ukwaju,
nikautumbukiza ule ukwato, nikaulaza.

Ukasema kupitia ngozi ya chombo.
Pima tatu. Pima saba. Ukingoni mwa mkondo, kumi na moja,
na sisi wakavu, hakuna tundu, hakuna tone.

Mama alikuwa amekalia ndoo ya chambo.
"Babangu alikuwa na bildi," akasema. "Risasi, chini yake shahamu.
Ikirudi imeshika mchanga, anaunusa.
Huu mtambo wako waujua mchanga?"
Nikasema haujui. Unajua kina,
na kama kuna kitu katikati.
"Kitu gani?"
Hapo sikujibu haraka.

Msasa, kisha spiriti, kisha gundi ya mikebe miwili
niliyoikoroga kwa kijiti, taratibu, kama uji wa mgonjwa,
kwa sababu povu moja la hewa, punje ya mtama tu,
na sikio ni kiziwi milele, limezikwa likiwa hai.
Nikalikandamiza kwa jiwe la kusagia la Mama.
Nililala pale pale, kuwafukuza paka.

Asubuhi, nje ya mwamba wa Kasa Wawili,
skrini ikachora pinde tatu nene,
kama nyusi zilizotiwa wanja.
Famau akapiga kelele. Tukazima mashine, tukashusha mishipi.
Saa nzima. Mishipi kimya kama wakwe.

"Umewaona," Mama akaiambia skrini,
akiifuta chumvi kwa pindo la kanga.
"Haya. Sasa washawishi."

Akanilipa nusu. Nusu iliyobaki, akasema,
nikamdai changu, kule chini,
pima kumi na moja.