Mbigili

Ndahani, fundi wangu,
friza uliyoifufua kwa kompresa ya baa iliyofungwa
bado inaguruma hapa Chang'ombe.
Usiku inatetemeka kama mwenye homa,
lakini inagandisha.
Za ubuyu, za ukwaju, mia mia;
watoto wanagonga geti kabla kengele ya shule haijalia.

Mwezi wa kumi na moja huu, vumbi limepanda hadi kwenye kope,
na wewe uko chini ya dunia
kwenye meli ya watu waliolipa bei ya nyumba
wakaone kitu ninachouza kwa shilingi mia.

Ulinipigia ukicheka:
huko kazi ya fundi wa baridi
ni kufunga hita kwenye chumba cha mboga
nyanya zisigeuke mawe.
Miaka kumi na tisa umepigana na joto la Dodoma,
leo unalipwa kulibembeleza.

Kisha mgeni mmoja akalazwa na kichefuchefu
na kiti chake kwenye boti kikawa chako.
Kabla ya kushuka, ulisema, kila mtu hupekuliwa.
Si bunduki, si dhahabu. Mbegu.
Binti mwenye kibano na mashine ya kufyonza vumbi
akakugeuza mifuko, akafuata mshono kwa mshono,
na kwenye soksi, zile za sufu
nilizokuchagulia mnadani Msalato,
akaikuta.
Mbigili ya uani kwetu!
Imepanda ndege tatu,
imevuka bahari inayowatapisha hata mabaharia,
ikanyimwa kibali hatua chache kutoka nchi kavu.
Hapa tunazifagia, tunazilaani,
zinatoboa baiskeli za wauza maziwa.
Kule wakaitia kwenye kichupa, wakaiandika daftarini:
jina, siku, soksi ya nani.
Nikacheka, halafu nikanyamaza.
Kumbe na sisi tunaweza kuogopwa.

Nikakuuliza, kukoje?
Ukakaa kimya, bando likienda.
Ukasema: kunanuka banda la kuku.
Ndege maelfu, hawana habari na mtu,
wanaibiana vijiwe vya viota
kama wapangaji wa nyumba moja na jiko moja.
Na barafu si nyeupe, ukasema,
ndani ina bluu,
ile mama aliyosuuzia mashuka ya wageni.

Jioni, ambayo huko haina giza,
ukanitumia sauti uliyoirekodi karibu na maji:
pa. Pa-pa. Kama bisi kwenye sufuria.
Ni pumzi ya zamani, ulisema,
ilifungiwa humo kabla Wagogo hawajaitwa Wagogo,
sasa inatoka, inapasuka, basi.
Nimeisikiliza mara nne.
Mara ya tano umeme ukakatika.

Nilikaa kando ya friza bila kuifungua,
kama ulivyonifundisha, mkono juu ya kifuniko,
na zangu nazo zikaanza:
tone. Kimya. Tone.
Sukari ya elfu kumi na mbili ikirudi kuwa maji gizani.
Sitakudanganya, Ndahani, sikuililia dunia,
nililia sukari.
Ila karibu na alfajiri sikujua tena
ni barafu ya nani ninayoisikiliza.

Umeme umerudi saa mbili.
Nimefagia uwanja kwa hasira, pekupeku,
na mbigili imenichoma kisigino.
Nimeichomoa, nikainyanyua juani.
Pembe zake zile zile, ngumu, za kijivu,
hazijui kwamba kuna mahali zinahesabiwa
moja
moja.

Nimetafuta kichupa cha dawa ya macho kilichoisha,
nimeitumbukiza, nikabandika karatasi,
nikaandika kwa kalamu ya madeni:
Mbigili. Jumanne.
Kisigino cha Mbeleje.

Geti linagongwa.
Nakuja.