Jedwali la Velichko

Nimepanda milima ya Rodopi na sanduku la betri,
fomu arobaini, kalamu mbili,
na theluji ya Machi iliyokataa kuondoka barabarani.
Nyumba ya saba ni ya Velichko,
miaka thelathini na mmoja kiwanda cha mbao.
Msumeno ulichukua kwanza ndege,
ukachukua vicheko vya watoto,
kisha ile f ya mwanzo wa jina la mkewe;
mwishowe nao ukanyamaza, ukaliwa na kutu.

Wiki sita amekuwa na kifaa changu.
Naketi, naanza.
Runinga, unaisikia? Toa alama, moja mpaka tano.
"Mbili. Habari ni zile zile."
Kanisani?
"Padri ananong'ona tangu apewe joho. Moja."
Simu ya binti yako aliyeko Hispania?
"Tatu. Kumbe huwa analia."
Kifaa kimekuongezea furaha?
Anautazama mkono usio na kidole cha shahada.
"Andika moja."

Wahenga walisema sikio la kufa halisikii dawa.
Mimi nalipwa kuwapinga wahenga kwa asilimia,
na asilimia za nyumba hii ziko upande wao.

Nakitoa kifaa sikioni mwake, nakichomeka kwenye kompyuta.
Hakiongopi: kinakumbuka kila saa kilipowashwa.
Mchana, kimya. Jioni, kimya.
Saa saba usiku mpaka alfajiri,
kila usiku, tangu wiki ya pili, kimewaka.
Nilimwambia akivue akilala. Nilimchorea hata picha.

Nakirudisha sikioni. Namuuliza.

"Silali," anasema. "Nasikiliza."
Anashusha sauti; kwa mara ya kwanza anajua kuishusha.
"Fidanka anakohoa.
Baridi yote amekohoa ubavuni pangu
nami nimelala, gogo lililokwishakatwa.
Hakuniambia. Angeniambiaje? Kwa kupiga kelele?
Mtu hapigi kelele kusema anaumwa.
Usiku ule nilisahau tu kukivua.
Nikadhani mbwa ameingia ndani."

Walikwenda Smolyan kwa lori la maziwa.
Picha ya kifua, vidonge vya rangi mbili,
tarehe ya kurudi imebandikwa juu ya jiko.
Sasa anahesabu: juzi mara kumi na tisa,
jana kumi na moja.
Ameandika nyuma ya kalenda kwa penseli ya fundi,
vijiti vinne na kimoja cha kukatiza,
jedwali safi kuliko langu.

Jumla ya fomu: kumi na tatu kwa thelathini na tano.
Chini ya kumi na nane, mradi unasema, faida hakuna;
kifaa kirudi mjini, apewe mwingine.
Mwisho wa ukurasa pana nafasi ya maoni,
mstari mmoja, mfupi kama ukope.

Jikoni, kitu kinasikika,
kidogo kuliko kijiko kugusa sahani.
Mimi, mwenye masikio mawili yaliyopimwa na kusifiwa,
naendelea kujumlisha.
Velichko ameshageuza shingo.

Natoa fomu nyingine, naigeuza
upande wa nyuma, usio na maswali.
"Tuanze upya," namwambia. "Jana mara ngapi?"