Kipande cha Reli

Kengele ya shule yetu Nachingwea ilikuwa kipande cha reli
kilichoning'inizwa kwa waya kwenye boriti la stoo.
Likapa akikigonga kwa nati ya trekta
Kiingereza kinaanza:
vipindi viwili mfululizo, kitabu kimoja kwa watu sita,
na Mwalimu Editha Hokororo ameifunga chaki kitambaa
isimle vidole.

Siku hiyo akaandika ubaoni: Safari ya Treni. Kurasa mbili.

Hakuna kati yetu aliyewahi kuiona treni.
Reli iling'olewa kabla baba zetu hawajaingia jando.
Tuta lake ni njia ya baiskeli za mihogo,
na mataruma, wanasema, yalishaivisha pilau za watu.
Basi nikaitunga. Viti vyekundu. Chai katika vikombe vya kaure.
Bibi mmoja wa Kizungu, mwavuli mkononi, akanisalimu,
nami nikamjibu bila kukosea wakati uliopita.
Kumi na saba kwa ishirini.
Na chini kabisa, kwa wino mwekundu, swali moja:
Ulishuka wapi?

Somoe Nachinguru aliandika mistari mitatu.
Kwamba hapa treni haipo.
Kwamba iliyobaki tunaigonga kila asubuhi
ili tuingie ndani tukaitunge.
Alipewa nne, kurasa hazikutimia.
Tulimcheka darasa zima, mimi nikicheka kuliko wote,
mwenye treni yangu.
Sasa anabangua korosho, vidole vimebabuka kwa mafuta ya ganda,
na sijui kama bado anaandika.

Muhula wa pili ikaja kauli ya kutendwa.
Mtendaji anasogezwa nyuma, ukipenda unamfuta kabisa,
na sentensi inaendelea kukimbia
kama kuku wa sikukuu aliyekwisha kuchinjwa.
Tukafanya mazoezi hamsini. Kikombe kilivunjwa.
Barua iliandikwa. Mlango ulifungwa.
Nikadhani ni ujanja wa Waingereza.

Mwezi wa kumi na moja nikamsindikiza mama chama cha msingi.
Mlangoni karatasi, Kiswahili safi chenye muhuri:
Malipo ya mnada wa tatu yamecheleweshwa.
Mama aliishia darasa la nne. Akasoma kwa kidole, polepole,
akafika kwenye nukta, akanigeukia:
"Na nani?"

Herufi moja tu, w,
imejikunja katikati ya neno
kama funza ndani ya korosho:
ganda zima, linang'aa,
na kiini kimeliwa.
Kimeliwa. Umeona? Hata mimi.

Leo usiku begi liko tayari, kitenge cha mama juu ya vyeti.
Barua ya chuo cha Mtwara inasema tutaanza na somo la kuandika,
na mimi ninazo sentensi, Mwalimu, ninazo tele,
zimepigwa pasi, zimenyooka mikunjo,
ila nikizifungua moja moja
naogopa nitakuta zote zina viti vyekundu.

Sikuchukii. Ulikuwa na madaftari sabini na taa ya chemli.
Mtaala ulikudai kurasa mbili, ukatudai kurasa mbili.
Lakini lile swali ulikuwa hulazimiki kuliuliza,
ukaliuliza,
na nilipoliona nikafunika daftari haraka
watu wasome alama tu.

Kesho basi linaondoka saa kumi na moja alfajiri.
Kabla ya Masasi kuna mahali barabara inalikata tuta,
nundu ndogo, ukisinzia huijui.
Sitasinzia.
Na huko wakinipa karatasi, wakaniambia nianze,
nitaanza na mistari mitatu ya Somoe
kama alivyoiandika, sitasahihisha hata koma,
na jina lake mbele ya kitenzi.
Ya nne sijui itasemaje.
Labda hapo ndipo niliposhuka.